Watoto Ni Wako, Bibi Arusi

Mume wangu wa kwanza nilikaa naye miaka mitatu na miezi kidogo, na sikuzaa. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mengine hamtayaelewa. Siku zile mwanamke akikaa miaka mitatu bila mtoto, watu humtazama tumbo kwanza, uso baadaye. Mama mkwe wangu hakunisema hata siku moja. Alikuwa tu na tabia ya kuwataja wake za watu na watoto wao mbele yangu, huku anamenya ndizi, kama mtu anayezungumza na ndizi. Fulani amepata wa pili. Fulani ana mapacha. Mimi nilijua anayeambiwa ni nani.

Hofu yangu ilikuwa moja: kwamba mume wangu ataleta mwanamke mwingine, na mimi nitarudishwa kwa baba, upande wa Kijenge. Baba yangu hakuwa mtu wa kumpokea binti aliyerudi. Vita sikuviogopa. Vita vya Wadachi na Waingereza vilikuwa vimeanza, tulisikia habari zake misheni, na tuliona vijana wakikamatwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Lakini mume wangu alikuwa na cheti. Alifanya kazi katika shamba la kahawa la Mdachi mmoja, chini huko karibu na Usa, na yule Mdachi alimwandikia karatasi kwamba huyu ni mtu wangu, asiguswe. Cheti alikivaa shingoni ndani ya kifuko cha ngozi. Niliwahi kukifungua nikakitazama. Herufi nilizijua, Kidachi sikukijua. Nikakikunja nikakirudisha, nikaona mambo yetu yako salama.

Mimi ni Mwarusha wa chini. Yeye alikuwa Mmeru wa juu, juu ya Makumira, pale migomba inapokwisha na msitu unapoanza. Kimeru nilikisikia kwa masikio ya mgeni, neno nalidaka lakini maana inakuja imechelewa. Nyumbani tulichanganya, Kimaa changu, Kimeru chake, na Kiswahili ambacho yeye alikipata shambani na mimi nilikipata misheni. Tena ukoo wake ulikuwa watu wa nyuki. Babu zake walitundika mizinga msituni, na walikuwa na mambo yao ya wanaume ambayo mwanamke haambiwi. Kwetu asali tulikuwa tunaletewa tu. Mimi asali niliijua ikiwa ndani ya kibuyu, ya mtini sikuijua.

Kila Jumatano wanawake wa darasa la ubatizo tulikwenda misheni kushona. Mke wa mchungaji, Mdachi mrefu mwenye mikono myekundu, ndiye aliyetufundisha. Jumatano moja mvua ilinyesha vibaya, giza likaingia chumbani hata tundu la sindano halionekani. Akasema tuweke nguo chini. Akaleta kitabu kikubwa cha picha, akakifungua mezani.

Picha ilikuwa ya mwanamke amelala kwenye majani, mkuki umemwingia kifuani, na mwanamume amepiga magoti anamshika kichwa.

"Huyu ni nani, Mama?" aliuliza jirani yangu, mke wa seremala. Huyo mwanamke mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mke wa mwindaji," alisema Mama. "Wayunani wa zamani. Kabla ya Bwana Yesu."

"Wayunani wale wa Paulo?"

"Babu zao."

Akatueleza kwa Kiswahili chake kile cha kukanyaga mawe. Mwindaji huyo alikuwa na mkuki usiokosa. Kila asubuhi anakwenda msituni, na jua likiwa kali anajilaza kivulini na kuita upepo umpoze. Anauita kwa maneno matamu. Njoo, mpenzi, njoo unipoze, mimi bila wewe siishi. Sasa kwa lugha ya kwao neno la upepo linafanana na jina la mwanamke. Mtu akapita, akasikia, akaenda kumwambia mke wake. Mke akajificha kichakani asikie mwenyewe. Akasikia, akaugua kwa uchungu, majani yakatikisika. Mume akadhani ni mnyama, akatupa mkuki.

"Upepo!" alisema mke wa seremala. "Mwanamume mzima anauita upepo mpenzi?"

"Labda upepo wa kwao una matiti," alisema mwingine nyuma.

Tulicheka mpaka Mama akagonga meza kwa mkasi. Akasema tusicheke, maana yule mwanamke alipokuwa anakata roho alimwomba mumewe jambo moja tu, kwamba huyo mpenzi wake wa msituni asimwoe na kumlaza kitandani kwake. Hapo ndipo mume alipofahamu kilichomleta. Akamweleza kwamba ni upepo. Lakini alikuwa amekwisha kumwua.

Mama akauliza, "Kosa ni la nani?"

"La mpita njia," alisema mmoja.

"La mume. Angenyamaza kama wanaume wengine."

Mimi nikasema, "Kosa la mke ni kujificha. Angesimama wazi, aonekane, mkuki usingemjia."

Mama akanitazama. "Hapana. Kosa lake ni kutomwamini mume."

Moyoni nilisema, kwako wewe ni rahisi. Mume wako anaandika mahubiri chumba cha pili, unamsikia hata akikohoa. Wangu anaondoka alfajiri, na ninachojua ni kwamba anaondoka.

Maana mume wangu alikuwa amebadilika. Zamani alikwenda shambani jua likianza kupanda, anapita njia ya mfereji, anaimba. Sasa alikuwa anatoka ndege hawajaanza kulia, anashika njia ya nyuma ya migomba, kimya. Siku nyingine haonekani mpaka kesho yake. Akirudi ananuka moshi, na mikono yake inanata asali, ila asali yenyewe haletwi nyumbani, labda kipande cha kutia mdomoni. Nilijiuliza, asali inayobaki inaliwa na nani? Akila, anakula ameelekea mlangoni. Mbwa akibweka anaacha kutafuna.

Nilimjaribu.

"Kazi shambani?"

"Kazi nyingi."

"Nyapara hajambo?"

"Hajambo. Anapiga kelele zake za kila siku." Akaweka bakuli chini. "Mbona unauliza?"

"Nauliza kama mke."

Akasema, "Mtu yeyote akikuuliza niko wapi, sema niko shambani. Umesikia? Usiseme neno lingine."

Nilisikia. Niliona huyu ananifundisha kumfichia uchafu wake.

Siku ya tatu nikafunga ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, nikashuka mpaka Usa kumpelekea chakula ambacho hakukiomba. Nilimkuta nyapara peke yake kibarazani, amekalia kiti cha bwana wake. Mtu mnene, mpole wa sauti. Alinikaribisha vizuri kuliko wanaume wengi walivyowahi kunikaribisha.

"Karibu, shemeji. Umemletea nani chakula?"

"Mume wangu."

"Alaa! Kumbe wewe nawe humjui aliko?" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akanihurumia. "Bwana amekwenda vitani tangu mvua za vuli. Hapa tumebaki sita wa kulinda miti. Mumeo hajakanyaga hapa miezi miwili. Nikadhani amepata pengine."

Nilisimama na kile chakula mkononi. Kikawa kizito.

"Shemeji, keti. Wanaume ndivyo walivyo. Anatoka saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Anashika njia ipi?"

Nikamwambia, ya nyuma ya migomba, ya kupanda.

"Juu huko kuna nini?"

"Mizinga ya baba yake, anasema."

"Mizinga," alisema, akatikisa kichwa. Akala ndizi zangu na maharage yangu, akashukuru. Nilirudi nyumbani nikiona nimepata mtu mmoja wa kunielewa. Mume wangu nilimshuku, na mama mkwe nilimshuku kwamba anajua na anaficha. Hata mama wa misheni nilimshuku kwamba alinichagulia mimi ile hadithi. Yule nyapara sikumshuku.

Yaliyonimaliza yalitoka kwa mke wa seremala. Tulikutana kwenye mfereji tunachota maji. Aliweka mtungi chini, akatazama huku na huku, nikajua kuna jambo, maana yeye hutazama huku na huku akiwa na hamu ya kusikiwa.

"Dada, mimi si mtu wa maneno."

"Sema maneno yako."

"Juzi nilikwenda kuni, juu, kule kwenye mierezi. Nikasikia sauti ya mumeo. Naijua sauti yake, si ndiye anayeimba? Anamwita mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Sikumwona. Nilikuwa na mzigo, nikaogopa nikakimbia. Lakini nilisikia. Anamwita bibi arusi. 'Bibi arusi, nimekuja, usiende mbali.' Kwa sauti laini, dada, hata mimi nikaona haya."

"Ulisikia vibaya."

"Basi nilisikia vibaya. Na hili nalo nililisikia vibaya: 'Watoto ni wako, bibi arusi. Wote nakuachia wewe.'"

Maneno hayo yalikuwa ya Kimeru, na Kimeru ni lugha ya mke wa seremala, siyo yangu. Asingekosea. Nilijitwika mtungi wangu, nikamwambia mume wake mwenyewe ana macho ya mbuzi, nikaondoka. Maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima na sikuyasikia. Wake za watu ningewavumilia. Watoto je? Ana watoto huko juu, wangapi, tangu lini? Ndiyo maana mama yake anahesabu watoto mbele yangu. Ndiyo maana asali hailetwi. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Mnaweza kuniuliza, mbona hukukumbuka upepo wa Wayunani? Nilikumbuka. Lakini nilikumbuka mkuki tu. Mume wangu alikuwa haendi msituni bila mkuki, kwa ajili ya chui. Nikasema, mimi sitajificha kichakani kama yule mjinga. Nitakwenda mchana, wazi, nimevaa kitu cha kuonekana, na ninaimba, ili ajue ni mtu anakuja. Nitamkuta na bibi arusi wake, na tutazungumza watatu.

Nilikuwa na kanzu nyeupe niliyoishona mwenyewe kwa ajili ya ubatizo. Haikuwa imevaliwa bado. Nikaivaa.

Nilipofika mfereji wa juu nilimkuta nyapara amekaa kwenye jiwe, anakata ukucha kwa kisu. Sikujiuliza mtu wa Usa anatafuta nini huku kwetu juu.

"Shemeji, leo umependeza. Unakwenda kanisani?"

"Namfuata mume wangu msituni," nikasema. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningemwambia hata mti.

"Haya. Nenda taratibu, njia inateleza."

Nikapanda. Nilipita mashamba ya mwisho, nikaingia chini ya miti, nikaanza wimbo wa misheni, beti baada ya beti, kwa sauti kubwa, na pumzi ikipungua narudia ubeti wa kwanza. Kanzu ilishika miiba na kuchafuka chini. Baada ya mwendo mrefu nikanusa moshi. Nikaacha kuimba nipumue. Hapo ndipo nilipomsikia.

Sauti yake, kweli. Laini, kama alivyosema yule mwanamke.

"Bibi arusi. Umefanya vizuri, bibi arusi. Usiondoke. Watoto ni wako."

Mimi sijui nilitembeaje hatua zile zilizobaki. Nilitokea kwenye uwazi mdogo. Alikuwa amesimama chini ya mti mkubwa wenye tundu, moshi unafuka kwenye kijinga cha moto, mkuki umeegemezwa mtini mbali na mkono wake. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilizunguka kwa macho, nikatazama nyuma ya mti, nikatazama kila kichaka.

"Unazungumza na nani?"

Alishtuka, halafu alipoona ni mimi akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mvua za vuli. Akaonyesha juu kwa kidevu. Kwenye tawi kulikuwa na ndege mmoja wa kijivu, mdogo, hana uzuri wowote, mkia una weupe pembeni. Analia kama mtu anayetikisa kibuyu chenye mbegu chache.

"Na huyu. Mlembe. Anakuongoza mpaka kwenye nyuki. Baba alitufundisha tumwite bibi arusi na tumbembeleze. Ukimwita kwa dharau anakupeleka kwa chui." Akavunja kipande cha sega, akakiweka juu ya jiwe. Kilikuwa cha rangi ya maziwa, na ndani yake minyoo minene myeupe ya nyuki. "Hii ni sehemu yake. Asali hataki, anataka watoto."

Watoto. Wale wa nyuki, wale weupe wasio na mbawa. Kwao watu wa nyuki ndivyo wanavyoitwa, na kwao hakuna anayeshtuka.

Nilikaa chini. Akanipa asali, nikala, na hiyo asali sikujua ina ladha gani. Akakaa karibu nami akasema sasa umeniona, basi nikwambie. Bwana wake alipokwenda vitani, cheti kilikufa. Askari wa Mdachi waliokuwa wanakamata wapagazi walikwisha kuwachukua wawili wenye vyeti kama chake. Akaona bora ashinde msituni, na siku nyingine alale huko huko.

"Mbona hukuniambia?"

"Mke wa mtu aliyejificha wanamfunga bomani mpaka mume ajitoe. Wanampiga aseme. Mwanamke asiyejua kitu anawezaje kusema? Nilitaka wakikuuliza uape kwa kweli."

Niliinamisha kichwa. Mtu huyu alikuwa ananilinda kwa kunidanganya, na mimi nilikuwa nimekwisha kumpa jina la mzinzi. Nilipaswa kusema pale pale. Nilipaswa kusema, mume wangu, nilidhani una mwanamke, nilikwenda mpaka Usa kukuulizia, nyapara anajua njia yako. Maneno hayo yangechukua muda wa kumeza mate. Lakini niliona haya. Nilikuwa mwanamke mwenye kiburi, na bado niko hivyo.

Akaniuliza kwa upole, "Na wewe umejuaje niko hapa?"

"Nilikuja kuni," nikasema.

Akaitazama kanzu yangu, kutoka shingoni mpaka kwenye pindo lililochanika.

"Kuni. Kwa nguo ya ubatizo?"

Nikaanza kuchomoa miiba kwenye kanzu. Akangoja. Bado alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayedhani kuna mzaha ambao hajaupata.

Ndege akaruka. Mume wangu akainua kichwa, na mimi pia nikasikia, viatu. Mtu wa kwetu hatembei msituni na viatu. Walitokea pande mbili, askari wanne wenye bunduki, na kabla hajaufikia mkuki mmoja alikuwa amekwisha kuukanyaga. Walimfunga mikono nyuma. Hakupigana, alikuwa anahesabu bunduki.

Kisha nyapara akatoka nyuma yao, anahema, jasho linamtiririka kwenye shingo ile nene. Akanikuta nimesimama na asali mikononi. Akainamisha kichwa kama mtu anayemshukuru mwenye nyumba.

"Ahsante, shemeji. Bila nguo yako tungezunguka mpaka kesho."

Mume wangu akageuza uso akanitazama. Ule mzaha aliokuwa anautafuta alikuwa ameupata.

"Kuni," alisema.

Wakamshusha.

Nilipiga kelele nikiwafuata. Nilimtukana nyapara mpaka mababu zake, nikamwambia mume wangu si kweli, si kweli, lakini mtu anayesema si kweli bila kusema kweli ni ipi ni kama anayebweka. Kwenye mashamba watu walitoka kutazama. Waliona mume amefungwa, askari, nyapara, na mimi nyuma na kanzu nyeupe. Kila mmoja akajipatia maana yake.

Walimpeleka bomani Arusha. Nilitembea nyuma yao, nikalala kwa shangazi yangu Kijenge, na asubuhi nikapeleka chakula. Siku hizo wanawake walikuwa wengi mbele ya boma, kila mmoja na kifurushi chake. Wafungwa walikuwa wanatolewa kuchimba mtaro, na askari mmoja, Mnyamwezi mwenye huruma, aliacha wanawake wakaribie ikiwa bwana mkubwa hayuko.

Nilimwona. Shingoni alikuwa na kamba iliyomuunga na wenzake wawili. Kile kifuko cha cheti hakikuwepo.

Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitaona haya tena. Nikasema mbele ya wote, kwa Kiswahili, wasikie, "Nilidhani una mwanamke! Niliambiwa unamwita bibi arusi. Nilikuja kumfumania. Askari sikuwaita mimi."

Mwenzake wa kushoto akacheka. "Mwanamke! Ndugu yangu, ulikuwa na mwanamke huko juu na hukutualika?"

"Mke wako ana wivu," alisema wa kulia. "Mwambie aje kubeba sanduku la risasi, wivu utamwisha."

Mume wangu hakucheka.

"Nani alikwambia?" aliuliza.

"Mke wa seremala. Alikusikia ukimwita ndege."

"Na nyapara? Naye alikuwa anaokota kuni?"

"Nilikwenda Usa kukuulizia. Akaniuliza njia yako, nikamwambia. Sikujua."

"Ulimwambia njia yangu."

"Sikujua."

"Nilikwambia useme neno moja," alisema. "Nilikupa neno moja tu la kusema."

Hilo lilikuwa kweli. Nikampa chakula, ndizi za nyama, nilizipika mwenyewe kwa moto wa shangazi. Alikipokea. Alikishika kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu mwenye adabu. Kisha akampa yule wa kushoto, na wa kushoto akala haraka, na askari akasema basi, kazi.

Sikujua kama aliniamini. Nimelala na swali hilo na mume mwingine ubavuni, nikalea watoto watano nalo. Siku nyingine naona aliniamini, na chakula alimpa mwenzake kwa kuwa mwenzake alikuwa na njaa zaidi. Siku nyingine naona uso wake na najua hapana.

Siku ya nne nilipofika, mtaro ulikuwa na watu wengine. Waliniambia wale wa kwanza wameondoka alfajiri na mizigo, wameshika njia ya Moshi.

Nilirudi Makumira. Mama mkwe alikuwa kwenye migomba. Aliniuliza jambo moja, tena bila kunitazama.

"Ulimuuza mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Basi ulikwenda kufanya nini kule?"

Nikamweleza yote. Ndege, bibi arusi, watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanipiga, na ningeona afadhali. Aliketi chini palepale kwenye majani makavu.

"Mimi nimeolewa hapa miaka arobaini," alisema. "Ningekwambia maana ya neno hilo kama ungeniuliza."

Lakini mimi sikumuuliza yeye. Nilikuwa namshuku. Nilimuuliza nyapara.

Nilikaa naye misimu mitatu ya mahindi, mimi na yeye, hatukufukuzana. Tulilima pamoja, tulikula pamoja. Hakuwataja tena wake za watu na watoto wao. Nilitamani awataje.

Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaja, na wapagazi waliobaki hai wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda hata mama zao wanawauliza majina. Mmoja alikuja mpaka mlangoni kwetu. Nilimtambua kwa shida. Ndiye yule wa kushoto, aliyekula zile ndizi. Alisema alitembea na mume wangu mpaka mbali sana, njia ya Kondoa na kupita, na kwamba mume wangu alishikwa na kuhara damu, akakaa chini ya mti, na msafara haukusimama. Mama mkwe akauliza aina ya mti. Akatajiwa. Akaingia ndani.

Tukabaki wawili, yeye na mimi. Nilimkaribisha kiti, nikamletea uji. Alikunywa polepole, na kila akinywa funda ananitazama juu ya kibuyu. Nilijua ana jambo, au nilidhani. Watu wawili wakifungwa kamba moja miezi mingi, huzungumza. Lazima alikuwa anajua mume wangu alisema nini juu yangu, kama alisema. Swali lilikuwa dogo. Mimi niliyekwenda mpaka Usa na ndizi kuuliza, mimi niliyepanda mlima na kanzu kuuliza, nilikuwa na mtu mbele yangu anayejua.

"Mvua kwenu imeanza?" nikasema.

"Bado," alisema. "Mawingu tu."

Akamaliza uji, akaweka kibuyu chini, akangoja kidogo. Kisha akaaga. Nilimsindikiza mpaka kwenye njia, nikasimama mpaka aliposhuka asionekane, nikarudi kupalilia.